Hotuba ya Mratibu Mkuu wa Kuvu kwa Wananchi wa Kiuyu

Bismillahi Rahmani Rahim. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kiti chake kiko hapa mbele na yeye mwenyewe yuko njiani, Mheshimiwa Kaimu Mgeni Rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi, Mheshimiwa Sheha, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, Kamati ya Mapokezi na Kamati ya Kuratibu Kamati, masheikh wetu, walimu wetu, wazee wetu, kina mama, wakulima wa karafuu, wachumaji wanaopanda na wanaookota chini, wadau wa ndani, wadau wa nje na wadau wa pembeni, wanahabari, wote wawili, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa, na kama yupo ambaye hakuzingatiwa, naomba ajizingatie. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. (Wananchi wanaitikia. Mzee mmoja anaitikia peke yake baadaye, maana alikuwa kasinzia.)

Ndugu wananchi, anayesimama mbele yenu ni mtumishi wenu Haitham bin Azzam, Mratibu Mkuu wa Programu Jumuishi ya Matumizi Endelevu ya Kuvu Elekezi, ambayo kwa kifupi tunaiita PROJUMEKU, na kwa kirefu hatuiiti kwa sababu ya muda. Nimekuja kuzindua. Wapo watu huko Wesha na hata Mkoani bandarini wanaoulizana, huyu Mratibu anazindua nini? Nitawajibu, lakini uzinduzi wa kisasa, unaozingatia vigezo na fremuweki, hauanzi na kitu. Unaanza na historia ya kitu. Kwa hiyo naomba nianze na historia. (Makofi ya wastani. Mwanamke mmoja anavua viatu na kukaa sawasawa.)

Mnamfahamu Mwalimu Khairat, yule pale mstari wa tatu, mwalimu wa sayansi wa hapa hapa Kiuyu. Masika iliyopita Bi Khairat alishuka bondeni kutafuta majani ya kuwaonesha wanafunzi wake, akaona chini ya jani moja, kimo cha goti, mdudu chungu amekufa huku ameuma mshipa wa jani, na kisogoni kwake kumeota kitu chembamba kama pembe, nacho ni kuvu. Akatazama jani la pili, akaona mwengine. Siku ile alihesabu chungu kumi na saba, wote kimo kile kile, wote wameng'ang'ania, wote na pembe. Mtu wa kawaida angekwenda zake nyumbani. Bi Khairat alimwambia Sheha, Sheha akaandika barua, na barua ile ikavuka bahari, ikapita kwenye madawati ya watendaji wetu mahiri na kufika kwangu kwa muda wa wiki kumi na tisa tu, kasi ambayo katika idara yetu haijapata kurekodiwa. (Makofi. Sheha anahesabu kitu kwa vidole.)

Nilipoisoma, ndugu wananchi, nilisimama kitini. Maana nilijua kilio cha mkulima wa karafuu. Nilijua habari za majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani wakafanya nyumba juu ya mkarafuu, ambao mchumaji akipanda wanamwingia shingoni na kwapani, akashuka kwa kasi kuliko alivyopanda. Nikasema, kama ipo kuvu inayoweza kumwingia chungu, ikamtoa kwao, ikampeleka inakotaka yenyewe na kumwamuru aume jani mpaka afe, basi tuichukue kuvu hiyo, tuitie kwenye chupa, tumpe kila mkulima chupa yake, na majimoto waondoke Pemba wenyewe kwa utaratibu. Papo hapo nikaunda programu. Kabla ya saa sita mchana programu ilikuwa na logo.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa data, nilitoa waraka. Waraka Namba Moja uliwataka wananchi wote wa eneo hili wasiwaguse majimoto, wasiwafukize moshi, wasiwamwagie jivu wala wasiwatingishe, ili wataalamu wakija wawakute katika hali yao ya asili. Utekelezaji wake ulikuwa asilimia mia moja na nne. (Minong'ono. Sauti ya mwanamume: "Tuliutekeleza sana." Kicheko.)

Sasa hapa nataka niwe mkweli, maana ukweli ni nguzo ya nane ya mpango mkakati wetu. Waraka ule uliingia shambani kwa Mzee Talib wiki ile ile ambayo karafuu zake zilikuwa zimeiva. Mzee Talib ana mikarafuu arobaini na miwili aliyoachiwa na baba yake, na siku zote wachumaji wake walikuwa wakifukiza moshi kwanza ndipo wapande. Mwaka huu, kwa kuheshimu waraka, hawakufukiza. Wakapanda siku ya kwanza, wakashuka. Wakapanda siku ya pili, wakashuka na nyuso zimevimba. Siku ya tatu hawakuja. Na nyote mnajua, mimi ndiye niliyekuwa sijui, kwamba karafuu haingoji. Ikishafunguka ikawa ua, imekwisha, huna cha kuanika. Bi Tatu, mkewe Mzee Talib, ameniambia kwamba mumewe alikuwa akila nusu sahani na kutoka kwenda kuitazama miti. Hilo halikuwemo katika taarifa nilizopelekewa.

Nilifika siku ya tano. Tulishuka Mkoani ujumbe wa watu kumi na moja, pamoja na mpiga picha na spika mbili, na baada ya mapokezi, chai, utambulisho na chai ya pili, tukaelekea bondeni, ambako Bi Khairat alinifunulia jani na kunionesha chungu wake. Ndugu zangu, nimehudhuria semina, wokshopu na makongamano katika nchi saba, lakini sijaona kitu kama kile. Bi Khairat alinieleza kwa utulivu kwamba vumbi la kuvu humwangukia chungu anapopita, likatoboa gamba na kuingia ndani, na kwa siku kadhaa chungu huyo anaonekana mzima, anakwenda kazini na wenziwe. Kisha siku moja anaiacha njia yao. Anayumbayumba. Anatafuta jani penye unyevu, anauma mshipa, taya zinakaza na hazifunguki tena. Akishakufa ndipo pembe inapoota, na vumbi jipya linawashukia wenziwe wanaopita chini.

Nikamuuliza, kwa nini yeye mwenyewe anakubali kupanda? Bi Khairat akanijibu: "Hakubali, Mheshimiwa. Miguu ni yake, safari si yake."

Nikavutiwa mno. Nikawageukia maafisa wangu nikawaambia waandike, kwamba hii ndiyo menejimenti: kitu kidogo kinamwingia mtumishi mkubwa, bila kikao wala muhtasari, na mtumishi anapanda mpaka juu, anashika nafasi yake na haiachii mpaka mwisho wa maisha yake. Nikasema, mfano huu tuupeleke makao makuu. Afisa wangu mmoja akaniambia makao makuu wanao. (Kicheko kirefu. Mratibu anatabasamu, anangoja.) Sikumwelewa, lakini aliandikwa katika kumbukumbu kama mchango.

Pale bondeni Mzee Talib alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi. Alisubiri nimalize, akanisalimu kwa adabu, akanambia: "Mheshimiwa, mie nataka kujua jambo moja tu. Ningoje mpaka lini?" Nikamweleza kuwa programu ina awamu nne: awamu ya uelewa, awamu ya uhamasishaji, awamu ya upembuzi yakinifu na awamu ya kupitia upya awamu zilizotangulia. Akauliza awamu zote hizo zinakwisha siku gani. Nikamjibu kwamba maendeleo hayana siku. Mzee akavaa kofia yake. Mpaka leo nauona uso ule.

Sasa ndugu wananchi, nakuja kwenye tukio ambalo limezungumzwa sana, na kwa sababu linazungumzwa kila barza kwa namna yake, ni vyema mkalisikia kwenye chanzo rasmi. (Kicheko kinaanza mapema. Sheha anainua mkono kuomba utulivu, naye anacheka.) Mpiga picha alishauri ipatikane picha ya Mratibu Mkuu akichukua sampuli kwa mkono wake. Lakini chungu wenye pembe walikuwa kimo cha goti, na kiongozi aliyechutama bondeni hana hadhi ya ukurasa wa mbele. Nikaamua kupanda mkarafuu. Bi Khairat aliniambia, tena mara mbili, kwamba kule juu hamna wagonjwa, wagonjwa wote wako bondeni, kule juu ni wazima peke yao. Nilimshukuru kwa maoni yake, nikasema yatafanyiwa kazi, nikavua koti, nikashika ngazi.

Nilipanda vizuri. Wapigapicha wa dunia hii wangeweza kuthibitisha kuwa kwa daraja kumi na mbili za mwanzo nilipanda kwa kujiamini, na nikaachia ngazi nikashika tawi kwa hatua madhubuti. Ndipo majimoto walipoanza ushirikishwaji. Waliingia kwenye mikono ya shati. Waliingia kwenye soksi. Sikuweza kwenda juu, sikuweza kwenda chini, na kila nilipotaka kuachia tawi mkono ulikataa. Nikafumba macho, nikakaza. Wataalamu wangu wote kumi walirudi nyuma ili kupata mtazamo mpana. (Kicheko kikubwa, mtu mmoja anasimama ili acheke vizuri.)

Nikiwa pale niliisikia sauti ya Mzee Talib. Alikuwa anamuuliza Bi Khairat, kwa upole, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa: "Mwalimu, na huyu naye kishaingiwa?"

(Kicheko. Hotuba inasimama kwa muda. Mzee Talib anatazama chini, mabega yanamtikisika.)

Cheka, Mzee wangu, una haki. Nami kwa kuwa nimekwisha kusimama mbele yenu, naomba nitoke kidogo nje ya hotuba iliyoandikwa. Niliogopa. Nina umri wa miaka hamsini na moja, nina vyeti ukutani, na niliogopa kama sijapata kuogopa. Bi Khairat alikuja akasimama chini ya mti, mahali ambapo majimoto walikuwa wakimwangukia na yeye, akaanza kunizungumzisha. Aliniuliza watoto wangu wangapi. Aliniuliza majina. Nilipotaja Afra na Manar akaniuliza nani kati yao anapenda kusoma, na nani mtundu, na wanakula nini asubuhi. Kila nilipotaka kutazama chini alikuwa na swali jengine. Huku anazungumza na mimi, pembeni alikuwa anawaelekeza wengine.

Alimtuma Bi Tatu jikoni. Bi Tatu alikuwa anatengeneza samaki, na matumbo yalikuwa bado kwenye beseni. Wakachukua kamba ya makumbi ya nazi, ncha moja wakaifunga kwenye shina la mkarafuu wangu, ncha ya pili kwenye mshelisheli wa jirani, na yale matumbo wakayatundika huko kwenye mshelisheli. Kisha wakangoja. Mimi niliambiwa nisitikisike, agizo ambalo nilikuwa nikilitekeleza tayari. Haikupita muda chungu mmoja akapita juu ya kamba, akarudi, akapita na wenziwe. Kisha kamba yote ikawa nyekundu, inakwenda upande mmoja. Waliniacha mmoja mmoja kama wageni wanaoondoka kwenye harusi wakisikia kwengine kuna pilau. Mwadhini wa adhuhuri alipoanza, Bi Khairat aliniambia: "Sasa fungua macho, Mheshimiwa. Tanguliza mguu wa kulia. Huu ni mti tu."

Nikashuka. Bi Tatu alinipaka mafuta ya nazi bila ya kunicheka, jambo ambalo namshukuru kwalo. (Bi Tatu anajitanda kanga usoni.)

Na nilipokuwa napakwa mafuta, Mzee Talib alikuwa hanitazami tena mimi. Alikuwa anautazama mti ule. Mti mtupu, hauna majimoto, umejaa karafuu. Akaenda mwenyewe akaweka mkono kwenye shina, akangoja, hakuumwa. Akawapigia simu wachumaji. Kabla sijavaa soksi, watu wanne walikuwa juu na ngoe zao za kuvutia matawi, na vichala vinashuka. Siku ya pili wakaunga kamba nyengine kutoka mti hadi mti, matumbo mengine, mshelisheli ule ule. Kwa siku sita walichuma mikarafuu thelathini na tisa. Mitatu ilikuwa imekwisha kufunguka, na kwa mitatu hiyo, Mzee Talib, waraka ulikuwa wangu na saini ilikuwa yangu. (Mzee Talib anainua mkono kidogo, kama anayesema yaishe.)

Narudi kwenye hotuba. Kwa kuwa uchumaji ule ulifanyika bila kibali, na serikali sikivu haiwezi kuwaacha wananchi wake katika hali ya kutokuwa na kibali, nilitoa Waraka Namba Mbili unaoruhusu matumizi ya kamba na matumbo ya samaki, na nikauandika tarehe ya wiki moja nyuma. Hivyo basi, ndugu wananchi, mlichokifanya kilikuwa ni utekelezaji wa programu. Naomba makofi kwa programu. (Makofi machache, yanayoelekea mstari wa tatu.)

Takwimu zetu zinaonesha kuwa wakulima waliofikiwa ni mia tisa, kwa maana ya kwamba gari letu liliwapita. Uelewa kuhusu kuvu umepanda kutoka sifuri hadi kiwango cha kuridhisha. Na chungu walionufaika moja kwa moja hawajahesabika. Mimi binafsi nimealikwa kuwasilisha mada juu ya uongozi wa mitini.

Ilibaki ripoti ya kukamilisha. Kanuni zinataka ripoti isainiwe na mtaalamu wa eneo, kwa hiyo wiki iliyopita nilimfuata Bi Khairat nyumbani kwake, nikampa kalamu na ukurasa ambao tayari ulikuwa umejazwa, unaosema kuwa kuvu imevunwa, imetiwa kwenye chupa, na kituo cha kuizalisha kimejengwa. Bi Khairat aliusoma wote. Kisha akaleta daftari lake la mistari, akanifungulia. Kumbe tangu masika alikuwa anashuka bondeni kila Ijumaa asubuhi na kuhesabu. Alichukua majani yenye wagonjwa akayafunga juu kwenye mikarafuu. Kuvu ikakauka, hakuambukizwa hata chungu mmoja. Akaona pia kwamba majimoto wenyewe wakimpata mwenzao aliyekufa njiani hawamwachi, wanamtoa. Kuvu ile inaishi bondeni, penye unyevu, inachukua wachache, inawaacha wengi, na haina haja ya chupa yetu. Akaniambia pia kwamba majimoto hao hao ndio wanaowala wadudu wanaofyonza minazi, na kwamba hakupata kumwambia mtu kuwa anataka waondoke. Barua ya Sheha ilikuwa na sentensi moja, kwamba mwalimu ameona kuvu ya ajabu inayomwongoza chungu na angependa wataalamu waje waitazame.

Nilirudi nikaitafuta ile barua. Ni kweli. Sentensi ni moja.

Nikamsihi asaini hivyo hivyo, nikamweleza kuwa ni utaratibu tu, kwamba uzinduzi umeshatangazwa, kwamba hata mimi nina wakubwa. Akaniambia: "Mie nitaandika nilichokiona. Kituo sikukiona." Akanimiminia chai. Maoni hayo nimeyapokea kama changamoto chanya. (Makofi makubwa, ya kwanza ya leo. Bi Khairat anamnong'oneza aliye karibu naye waache.)

Ndugu wananchi, muda si rafiki. Kwa awamu ijayo naahidi maabara, naahidi hadubini kwa kila shehia, naahidi mafunzo ya kamba kwa maafisa ugani, na naahidi kuwa daftari la Bi Khairat litachapwa kwa jina lake na si langu. Hii ya mwisho haimo kwenye karatasi, nimeiongeza sasa hivi, na nataka wanahabari waiandike, wote wawili. Naomba sasa tusimame kwa kaulimbiu. Nikisema kuvu, mseme elekezi. Kuvu! (Elekezi.) Nikisema PROJUMEKU, mseme kazini. PROJUMEKU! (Sauti zinachanganyika, wengine wanasema "mitini".) Ahsanteni, yote ni sawa.

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru kina mama waliopika. Namshukuru Sheha kwa viti. Namshukuru fundi wa mabango wa Chake Chake aliyetuchapia kwa siku moja tu picha kubwa ya jengo hili la kituo la ghorofa mbili mnaloliona nyuma yangu, lenye madirisha ya kupendeza na hata bustani. Na kwa namna ya pekee nawashukuru ndugu Ahmada na ndugu Ngwali, ambao tangu saa tatu asubuhi wamesimama kwa nyuma, mmoja kila upande, wakilishikilia lisipeperuke. Utepe nimeshakata, picha zimeshapigwa. Ahmada, Ngwali, mikono imewauma. Liachieni.

(Kitambaa kinaanguka. Nyuma yake pana bonde, kijani mpaka chini. Hakuna anayepiga makofi. Ahmada anakunjakunja vidole, na Mratibu Mkuu anainama kumsaidia Ngwali kukunja ghorofa ya pili.)